Jimu ya walimu, uwanja wa wanafunzi: michezo ilivyoingia vyuo vya Marekani karne ya 19

Mwaka 1978 Henry Rono, kijana wa Nandi, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, upande wa magharibi kabisa wa Marekani. Miaka hiyohiyo Mtanzania Suleiman Nyambui alikuwa akikimbia akiwa amevaa jezi ya Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, na mwaka 1980 akatwaa medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow. Ukiuliza kijiweni kwa nini chuo kikuu kimlipie mtu masomo kwa sababu ya miguu yake, utajibiwa haraka: biashara, matangazo, televisheni. Kwa leo ni kweli. Ila chuo kumiliki timu, uwanja na kocha ni jambo lililoanza kabla ya televisheni, kabla hata ya redio, na lilianza kwa namna ambayo walimu wa vyuo hawakuipanga wala kuitaka.

Linalochanganya watu ni kudhani kwamba mazoezi ya viungo na mashindano ya michezo ni kitu kimoja chenye asili moja. Sivyo. Mazoezi yaliletwa na wakubwa: madaktari, wakuu wa vyuo, wakimbizi wa kisiasa kutoka Ujerumani. Mashindano yalianzishwa na wanafunzi wenyewe, mara nyingi nyuma ya mgongo wa walimu. Pande hizi mbili ziliishi chuo kimoja kwa miongo kadhaa huku zikitazamana kwa jicho la pembeni, na upande ulioshinda ndio uliokuja kuwafungulia mlango akina Rono.

Vyuo vya Marekani vya mwanzo wa karne ile vilikuwa vidogo, vingi vya madhehebu ya Kikristo, na kazi yao kubwa ilikuwa kuandaa wachungaji, mawakili na walimu. Kengele ililia alfajiri, ikafuata sala, kisha Kilatini, Kigiriki na hesabu. Mwili ulikuwa kitu cha kutiishwa. Kucheza kulionekana utoto, au mbaya zaidi, mlango wa ulevi na kamari. Vijana walikaa vyumba vyenye moshi wa makaa, wakala ovyo, wakasoma kwa mwanga wa taa, na kifua kikuu kikawachukua wengi kabla hata ya kuhitimu.

Si kwamba hawakucheza. Harvard walikuwa na desturi ya wanafunzi wa mwaka wa pili kuwakabili wageni wa mwaka wa kwanza kwenye mpira usio na sheria, siku ya kwanza ya muhula. Mpira wenyewe ulikuwa kisingizio tu, ngumi ndizo zilizokuwa shughuli. Mwaka 1860 walimu walipiga marufuku. Wanafunzi wakajibu kwa kuandaa mazishi: wakaandamana na ngoma, wakachimba kaburi, wakasoma hotuba ya kumwombolezea marehemu, wakauzika mpira. Kisa hicho kinaeleza uhusiano wa walimu na michezo wakati ule kuliko ripoti yoyote ya utawala.

Mazoezi ya viungo yalifika kwa njia ya mbali. Mwaka 1811 Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi Hasenheide, nje ya Berlin, wenye nguzo, kamba, ngazi na vyuma vya kuning'inia. Nia yake ilikuwa kuwakakamaza vijana wa Kijerumani wamwondoe Napoleon. Napoleon alipoondoka, watawala wakaanza kuwaogopa vijana wale wenyewe, maana walizungumza mno habari za uhuru na umoja wa taifa. Mwaka 1819 Jahn akakamatwa, viwanja vyake vikafungwa, na wafuasi kadhaa wakakimbia. Karl Beck alipata kazi mwaka 1825 katika shule ya Round Hill huko Northampton, Massachusetts, akifundisha Kilatini na mazoezi kwa pamoja. Mwenzake Karl Follen akaenda Harvard, na mwaka 1826 akaanzisha jimu ya kwanza ya chuo nchini Marekani.

Haikudumu. Wanafunzi waliichangamkia miezi ya mwanzo, wakachoka, na miaka michache baadaye ilikuwa imekufa kimyakimya. Mazoezi ya Jahn yalibebwa na uchungu wa taifa lililovamiwa, na kijana wa Boston hakuwa na uchungu huo. Kwake kupanda kamba kulikuwa kupanda kamba tu.

Miaka thelathini baadaye upepo ulibadilika, tena ukitokea kanisani. Mwaka 1858 mchungaji Thomas Wentworth Higginson aliandika katika jarida la Atlantic Monthly makala ya kuwacheka watu wanaoamini kwamba utakatifu huendana na uso uliokwajuka na mabega yaliyoinama. Mtu wa Mungu, alidai, naye anaweza kuwa na misuli. Fikra hiyo ilikuwa imeshika Uingereza na sasa ikavuka bahari. Kulikuwa pia na George Windship, daktari aliyesoma Harvard, aliyezunguka akinyanyua mizigo ya kutisha mbele ya watazamaji na kuhubiri kwamba nguvu ndiyo afya. Alikufa kwa kiharusi mwaka 1876 akiwa na miaka 42, na wapinzani wa vyuma vizito hawakuuacha msiba huo upite bure.

Mpinzani mkubwa wa njia hiyo alikuwa Dio Lewis, aliyeleta mazoezi mepesi ya muziki: dambeli za mbao, pete, vifuko vya maharage vya kurushiana, wanaume kwa wanawake. Mwaka 1861 alifungua Boston chuo cha kufundisha walimu wa mazoezi. Wengi walimwona mpiga debe, na kwa kweli alikuwa na ulimi wa muuza dawa sokoni. Ila njia yake ndiyo iliyokubalika Amherst, na hapo ndipo habari yenyewe inapokolea.

Amherst ni chuo kidogo cha Massachusetts. Mkuu wake, William Augustus Stearns, alikuwa amezika wanafunzi. Mwaka baada ya mwaka aliliambia baraza la wadhamini kwamba vijana wanafika wazima na kuondoka wagonjwa, na kwamba afya huporomoka zaidi majira ya kuchipua, baada ya miezi ya kujifungia ndani kwa baridi. Baraza likamsikia. Mwaka 1860 jengo la mazoezi lilikamilika na idara ikaundwa, ikiwa na profesa wake kama idara ya Kigiriki. Jambo hilo halikuwa limefanyika popote katika vyuo vya Marekani. Mwaka 1861 nafasi hiyo akapewa Edward Hitchcock, daktari, mtoto wa mkuu wa zamani wa chuo hichohicho. Aliishika mpaka alipofariki mwaka 1911.

Kipindi chake kilikuwa hivi. Siku nne kwa wiki, nusu saa, darasa zima la mwaka mmoja linaingia ukumbini. Mahudhurio ni ya lazima na yanahesabiwa kama ya somo lolote. Kila mmoja ana dambeli mbili nyepesi za mbao. Piano inapigwa, kapteni aliyechaguliwa na wanafunzi wenyewe anasimama mbele, na vijana wote wanapeleka mikono juu, pembeni, mbele, wanapiga dambeli moja na nyingine kwa mdundo mmoja. Ratiba rasmi ikiisha, Hitchcock anawaachia wakimbie kuzunguka ukumbi, wapige vichwa-chini-miguu-juu, waimbe. Aliamini kwamba kijana anayecheka anapumua vizuri. Hakutaka kutengeneza mabingwa. Alitaka kijana wa kawaida amalize miaka minne akiwa hai, tumbo likifanya kazi na usingizi ukija.

Kisha kuna kupima. Kila mwanafunzi alipoingia chuoni, na tena kila mwaka, Hitchcock alimvua shati na kuchukua utepe: urefu, uzito, mzunguko wa kifua, wa mkono, uwezo wa mapafu kwa kupuliza kwenye chombo, na mara ngapi anaweza kujivuta juu kwenye chuma. Aliandika yote, darasa baada ya darasa, kwa nusu karne. Leo mtu anaweza kuuliza vipimo vile vilikuwa vya nini, na swali ni la haki, maana zama zile kupima miili kulitumika pia kwa mambo maovu ya kupanga watu kwa rangi na asili. Kwa Hitchcock kazi yake ya kwanza ilikuwa nyepesi kueleweka: kijana akiona kwamba kifua chake kimepanuka kuliko mwaka jana, atarudi jimu bila kusukumwa.

Dudley Allen Sargent alilibeba wazo hilo akalipeleka kwingine. Mzaliwa wa Belfast, Maine, aliwahi kuwa mwanasarakasi kabla ya kusoma udaktari Yale. Harvard walipofungua ukumbi wao mpya wa Hemenway mwaka 1879, walimkabidhi yeye. Akaujaza mitambo aliyoibuni mwenyewe: kamba zinazopita kwenye makapi, yaani magurudumu madogo ya kupitishia kamba, zikivuta vipande vya chuma vinavyoweza kuongezwa au kupunguzwa. Aliyewahi kuingia jimu ya mjini leo ameiona mashine hiyo ya kukaa na kuvuta. Kabla yake, mtu dhaifu alipelekwa kwenye chuma cha kujivutia, akashindwa, akaondoka na aibu. Kwa mashine ya Sargent alianza na uzito anaouweza. Daktari alimpima, akaona bega la kushoto limelegea au mgongo umepinda, akamwandikia mazoezi kama mtu anavyoandikiwa dawa. Amherst ilikuwa darasa zima kwa mdundo mmoja. Harvard ikawa kila mtu na karatasi yake, tena kwa hiari.

Waalimu wa fani hii wakaanza kukutana. Mwaka 1885 William Gilbert Anderson aliwaita wenzake Brooklyn, wakaunda chama na kumchagua Hitchcock mwenyekiti wa kwanza. Mwaka 1889 kukawa na mkutano mkubwa Boston, ambako Wajerumani na vyombo vyao, Waswidi na mfumo wa Per Henrik Ling wa kunyoosha mwili kwa amri ya mwalimu, na Wamarekani wa aina ya Sargent na Hitchcock, kila mmoja alijaribu kuthibitisha kwamba njia yake ndiyo ya kisayansi. Walibishana juu ya muziki, juu ya vyombo, juu ya kama mazoezi yawe kwa amri au kwa hiari. Kilichokuwa kinawapita wote kilikuwa nje ya dirisha, uwanjani.

Uwanjani mambo yalianza kwa tangazo la biashara. Mwaka 1852 msimamizi wa kampuni ya reli huko New Hampshire alitaka abiria wa kwenda ziwa Winnipesaukee. Akawaendea wanafunzi wa Yale na ahadi: leteni mashindano ya kupiga makasia baina yenu na Harvard, gharama zote juu yetu. Tarehe 3 Agosti mashua ya Harvard iliyoitwa Oneida ikawashinda Yale, na zawadi ikatolewa na Jenerali Franklin Pierce, aliyekuwa akigombea urais na akaupata miezi michache baadaye. Hayo ndiyo mashindano ya kwanza kati ya vyuo viwili vya Marekani. Wanaolalamika kwamba fedha zimekuja kuharibu michezo ya vyuo vilivyokuwa safi wanapaswa kuliangalia ziwa lile vizuri: mdhamini alikuwepo kabla ya kasia la kwanza kugusa maji.

Mwaka 1859 Amherst na Williams wakacheza besiboli mjini Pittsfield, na Amherst wakashinda 73 kwa 32. Tarehe 6 Novemba 1869 Rutgers na Princeton wakacheza mpira wa miguu, wachezaji 25 kila upande, Rutgers wakashinda 6–4. Mchezo ule ulikuwa karibu na soka kuliko mpira wa Kimarekani wa leo. Mabadiliko yalikuja baada ya 1874, McGill ya Montreal ilipowaonyesha Harvard raga. Harvard wakaipenda, wakawavuta wengine, na mwaka 1876 vyuo vikakutana Springfield kukubaliana sheria.

Hapa anaingia Walter Camp wa Yale. Mwaka 1880 alishawishi vyuo vipunguze wachezaji kuwa 11 na kuacha ule msukumano wa raga ambamo mpira hujitokeza popote. Badala yake timu moja iumiliki mpira na kuuanzisha kwa utulivu. Sheria nzuri, yenye tundu. Mwaka 1881 Princeton na Yale walikutana, na kwa kuwa hakuna aliyelazimishwa kuuachia mpira, Princeton waliushikilia kipindi kizima cha kwanza na Yale kipindi kizima cha pili. Sifuri kwa sifuri. Watazamaji walichefukwa. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya majaribio matatu: usiposonga yadi tano, mpira si wako tena. Ili kuzipima yadi hizo uwanja ukachorwa mistari ya chokaa, na mchezo ukawa wa mipango, wa ishara za siri, wa kocha anayechora ubaoni. Kijana wa ukumbi wa dambeli hakuhitaji mkakati. Huyu wa uwanjani aliuhitaji, na pamoja nao akahitaji kapteni mkali, mkufunzi wa kulipwa na meza maalumu ya chakula.

Meza hiyo ilikuwa na imani zake. Waliojiandaa kwa mashindano, hasa wapiga makasia wa Uingereza walioigwa na Wamarekani, walilishwa nyama ya ng'ombe au kondoo isiyoiva vizuri na mkate wa jana, huku wakinyimwa maji hata midomo ikakauka, kwa dhana kwamba maji hulegeza misuli. Mtu alikimbizwa akiwa amevaa nguo nzito ili atoke jasho. Ndiyo maana hofu ya madaktari kwamba mashindano huua haikuwa upuuzi mtupu. John Edward Morgan, daktari wa Manchester, aliamua kuichunguza badala ya kuibishania: aliwafuatilia wanaume 294 waliopiga makasia katika mashindano ya Oxford na Cambridge kuanzia 1829 hadi 1869, na mwaka 1873 akachapisha majibu. Waliosemekana kufaidika walikuwa 115, wasiofaidika wala kudhurika 162, walioumia 17. Na kwa jumla waliishi muda mrefu kuliko makadirio ya bima. Mtu anaweza kusema kwamba vijana wa Oxford walikuwa matajiri na walishaanza na afya njema, na atakuwa sahihi. Hata hivyo, kwa wakati ule hesabu hiyo ilikuwa silaha kubwa mikononi mwa wapenzi wa michezo.

Mpira wa Kimarekani haukupata mtetezi wa aina hiyo. Harvard waliupiga marufuku kwa mwaka mmoja, 1885, kwa sababu ya ukatili, na wakaurudisha. Mwaka 1892 Harvard hao hao walikuja na mbinu ya kabari: wachezaji wanaanza mbio kutoka nyuma kwa makundi mawili, wanakutana wakiwa kasi kamili, na uzito wao wote unamwangukia mpinzani mmoja aliyesimama. Mbinu hiyo ikafutwa mwaka 1894, mwaka uleule ambao mechi ya Harvard na Yale mjini Springfield iliishia na majeruhi wengi kiasi cha vyuo hivyo kutokutana kwa misimu miwili. Makumi ya maelfu walilipa kiingilio, na fedha zilipita mikononi mwa vilabu vya wanafunzi. Wachezaji wengine walikuwa wanafunzi wa jina tu. Ndipo walimu, ambao kwa miaka mingi walikuwa wamefumba macho, wakaanza kuunda kamati. Sargent mwenyewe alikaa kwenye ile ya Harvard ya 1882. Mwezi Januari 1895 wakuu wa vyuo saba vya kati magharibi walikutana Chicago, wakakubaliana kwamba anayecheza lazima awe mwanafunzi wa kweli, na ushirikiano uliozaliwa pale ndio unaoitwa leo Big Ten.

Milango haikuwa wazi kwa wote. William Henry Lewis, mtoto wa watu waliozaliwa utumwani Virginia, alikuwa kapteni wa Amherst mwaka 1891, kisha akaenda kusoma sheria Harvard na kuchaguliwa kwenye kikosi bora cha taifa, Mweusi wa kwanza kufika hapo. Alikuwa mmoja kati ya wachache mno. Kusini, vyuo vya Weusi vilijianzishia mchezo wao: Biddle na Livingstone walikutana Salisbury, North Carolina, Desemba 1892. Wanawake walikuwa na vita tofauti. Mwaka 1873 daktari mmoja wa Boston, Edward Clarke, alidai kwamba elimu ya juu hunyonya nguvu za uzazi, kwa hiyo vyuo vya wanawake vilitumia mazoezi kujitetea: tazameni, wasichana wetu wana afya. Senda Berenson wa chuo cha Smith aliuchukua mpira wa kikapu ambao James Naismith alikuwa ametoka kuubuni Springfield mwishoni mwa 1891, akagawa uwanja sehemu tatu ili mchezaji asikimbie kupita kiasi wala kumnyang'anya mwenzake mpira. Wanaume hawakuruhusiwa kutazama. Hata hivyo, Aprili 1896 wasichana wa Stanford na wa Chuo Kikuu cha California walikutana San Francisco, na Stanford wakashinda 2–1.

Zile pande mbili ziliungana rasmi Chuo Kikuu cha Chicago. Mkuu wake, William Rainey Harper, alikuwa akijenga chuo kipya na alitaka kijulikane haraka. Mwaka 1892 alimwajiri Amos Alonzo Stagg, aliyechezea Yale enzi za Camp, akampa idara. Jina la idara lilitoka upande wa akina Hitchcock, utamaduni wa mwili, na kazi yake halisi ilikuwa kushinda mechi. Msimu wa kwanza wachezaji hawakutosha, Stagg akaingia uwanjani mwenyewe. Alilipwa dola 2,500 kwa mwaka, akiwa na cheo cha profesa mshiriki na ajira ya kudumu kama mwanahistoria au mkemia yeyote wa chuoni pale, na hakuondoka mpaka 1932.